Nailoni, poliesta au polipropilini? Maswali ninayoulizwa kuhusu mazulia ya nyumbani

Mimi si muuza mazulia. Kazi yangu ni kuyafua, hapa Kampala. Muuzaji hulijua zulia likiwa jipya, limeviringishwa, bado linanukia duka. Mimi huletewa zulia lile lile miaka miwili baadaye, limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, na kabla hatujalifungua mwenyewe ananiuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza siku ya kununua. Maswali yenyewe ni haya.

Uzi gani ni bora kuliko zote?

Ukinibana nitasema nailoni, na huenda nikawa nimekupotosha. Nailoni ina nguvu: ukiikanyaga inalala, ukiondoa mguu inainuka, na itaendelea hivyo kwa miaka. Lakini ni ghali, na kikimwagika kitu cha rangi inakishika haraka kuliko wenzake. Nyumba yenye watoto watatu na mchuzi wa manjano kila jioni inahitaji uzi usiokunywa, hata kama si uzi wenye nguvu kupita wote.

Kwa hiyo mimi humrudishia mteja swali: juu ya zulia lako watu watapita, watakaa au watakula? Hapa kwetu mara nyingi ni yote matatu. Viatu vinaachwa mlangoni, basi nyayo si taabu kubwa. Lakini binti wa Kiganda anapiga magoti kusalimu, watoto wanaandika kazi ya shule wakiwa wamelala kifudifudi, sinia linashushwa katikati ya sebule. Zulia la hapa hukaliwa kabla ya kukanyagwa. Ushauri mwingi unaotoka Ulaya na Marekani unazungumzia viatu na mbwa.

Lebo imeandikwa PP, nyingine PES. Ndiyo nini?

PP ni polipropilini. PES ni poliesta. PA ni poliamidi, yaani nailoni. PAN au PAC ni akriliki. Ukikuta asilimia mbili, mfano 70 na 30, ni nyuzi mbili zimechanganywa, na tabia ya zulia itafuata ile iliyo nyingi.

"La Uturuki" si jina la uzi. Ni kweli mji wa Gaziantep kule Uturuki ni kitovu cha mazulia ya mashine, na mengi yanayotoka huko ni polipropilini, lakini viwanda hivyo hivyo hufuma akriliki na poliesta pia. Muuzaji akikujibu "hii ni ya Uturuki", bado hajakujibu.

Lebo imekatwa. Nitajuaje ni uzi gani?

Kwa glasi ya maji. Omba ukatiwe nyuzi tatu nne pembeni, pale ambapo hapataonekana. Weka maji kwenye glasi, dondoshea tone moja la sabuni ya maji, zamisha nyuzi kwa kidole na uzifinye ili hewa iliyojificha ndani itoke. Kisha ziachie.

Polipropilini itapanda juu. Ni nyepesi kuliko maji. Sentimita moja ya ujazo wake haifiki gramu moja, ni kama 0.9. Nailoni ina 1.14, poliesta 1.38, na zote mbili zitakwenda chini. Akriliki pia inazama.

Nilimwonyesha hivyo mama mmoja aliyeuziwa zulia jekundu akaapiwa kuwa ni nailoni tupu. Nyuzi zake zilishuka kidogo nilipozisukuma, halafu moja baada ya nyingine zikaibuka na kujipanga ukingoni mwa glasi kama nywele kwenye beseni. Aliinama akatazama muda mrefu. "Kumbe nimelipia nailoni ikaelea," akasema, akacheka, maana angefanya nini tena.

Jaribio la kuchoma mimi silipendi, hasa dukani. Ukilifanya nyumbani, shika uzi kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na mapazia. Polipropilini iliyozimwa inanuka kama mshumaa uliozimwa. Akriliki hushika moto kwa kasi na moshi mweusi, ikaacha punje ngumu nyeusi.

Polipropilini ni ya bei ya chini. Ni feki?

Hapana. Ni uzi halali wenye tabia zake. Ni ndugu wa gunia la sukari na wa kile kiti cha plastiki unachokalia harusini. Maada ni ile ile, imevutwa tu ikawa nyembamba. Giulio Natta aliitengeneza Milan mwaka 1954, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wakapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi ya aina hiyo. Si mzaha, basi.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hainywi maji. Chai ikimwagika inabaki juu ya uzi, na ukiwahi kuifyonza kwa kitambaa imekwisha. Ya pili ni rangi. Haipakwi juu, huchanganywa na plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo inaingia hadi moyoni. Ndiyo maana zulia la namna hii likifuliwa halichuji.

Udhaifu wake ni uti wa mgongo: hana. Manyoya yakishalala yamelala, na hakuna dawa ya kuyasimamisha ninayoijua mimi. Kwa sababu hiyo zulia la polipropilini nunua lenye manyoya mafupi yaliyosongamana. Likunje kona kwa nyuma, kama unavyokunja kitabu. Ukiona mgongo wake, yaani kitambaa cha chini kinachoshikilia manyoya, waziwazi kati ya mistari, liache hapo hapo. Kidole kikipata shida kuufikia, umepata zulia. Na ukipata ambalo uzi wake umesokotwa ukapitishwa kwenye joto ili msokoto usifunguke, hilo ni afadhali zaidi. Ukiangalia kwa karibu kila kishungi kina ncha iliyofungana, haijachanuka.

Pia jua la dirishani. Polipropilini isiyotiwa kinga hudhoofishwa na jua hadi uzi unakatika kama nyasi kavu. Nikishaifua naianika kivulini penye upepo.

Yale ya manyoya marefu na laini je? Mke wangu ameshalichagua.

Hayo mengi ni poliesta, na sitakuingiza kwenye ugomvi wa nyumbani. Poliesta ni uzi mzuri: una rangi inayong'aa, hausumbuliwi sana na chai wala soda, na ni laini kweli. Tatizo ni urefu, na ni mkono wa dukani unaodanganya. Unalipapasa, unasikia raha, unalipa. Mkono hautakaa sebuleni mwaka mzima.

Manyoya ya vidole viwili hukamata kila kitu: makombo ya chapati, vichwa vya njiti za kiberiti, mchanga, pini. Pale watu wanapopita husokotana yakawa kama nywele za mtoto aliyeamka. Nimewahi kukung'uta zulia moja nikapata shanga, sarafu na nusu ya penseli. Liweke chumbani kando ya kitanda, ambapo hukanyagwa mara mbili kwa siku na miguu mitupu, litadumu.

Wapo wanaoniuliza kama ni kweli linatengenezwa kwa chupa za maji. Mengine ndiyo. Chupa ya maji na uzi wa poliesta ni maada moja, na chupa zilizooshwa na kuyeyushwa hutoa uzi unaofaa kabisa.

Mbele ya sofa pana viraka vyeusi. Nimefagia na kupangusa, haviondoki.

Hili ndilo linaloniletea wateja wengi kuliko maswali yote, na kila mmoja hudhani ni vumbi.

Tazama umbo la kiraka. Kwa kawaida viko viwili, mviringo, mbele ya televisheni, upana wa mtoto aliyekaa. Mtoto huyo ameoga saa kumi na mbili jioni, amepakwa mafuta ya kujipaka miguuni na viwikoni mpaka anang'aa, kisha amekaa pale pale kila siku. Polipropilini na poliesta zinakataa maji lakini zinapenda mafuta. Mafuta yanashika uzi, vumbi linashika mafuta, na baada ya miezi sita una kiraka.

Ufagio hautafanya kitu. Sabuni ya unga nayo husaidia kidogo halafu inaharibu, nitaeleza chini. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja kwenye lita mbili za maji ya vuguvugu. Chovya sponji, ikamue, gonga kiraka bila kusugua, subiri dakika kumi, pangusa kwa maji safi. Rudia. Mara ya tatu maji yatatoka kama ya kuoshea sufuria. Na kabla ya hapo, jioni tandika leso, yaani kanga, pale wanapokaa; leso hufuliwa, zulia la mita tatu si rahisi.

Mchuzi wa karanga ni habari ile ile ya mafuta. Kwangua kwanza kwa kijiko ukianzia nje kwenda ndani, ndipo uguse maji.

Nilisafisha doa likaisha. Asubuhi limerudi. Ni uchawi?

Hapana, ni mgongo. Chai uliyoimwaga ilishuka kupitia manyoya ikakaa chini, kwenye mgongo wa zulia. Wewe ukaosha juu. Usiku, zulia linapokauka, maji ya chini hupanda kwenye uzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba rangi yake, na asubuhi doa liko juu likikutazama. Nyuzi ambazo hazinywi zina tabia hii zaidi, kwa sababu maji hayana pa kujificha ila kusafiri.

Ukishaosha, weka taulo kavu nyeupe juu ya mahali palipolowa, juu yake weka kitu kizito kisichochuja rangi, kama dumu la maji la lita 20 juu ya sahani, ulale. Doa litapanda likaishie kwenye taulo.

Utomvu wa ndizi na manjano?

Kwenye polipropilini una nafasi nzuri ukiwahi. Kwenye nailoni, manjano yakilala usiku mmoja yamehamia. Utomvu wa matooke huwa kahawia baadaye, hata kama ulipodondoka hukuuona, kwa hiyo anayemenya amenyie jikoni. Sina dawa nyingine.

Naweza kutumia jiki?

Polipropilini yenyewe huvumilia klorini. Rangi iko ndani ya uzi. Nailoni haivumilii, itapauka na kudhoofika. Lakini hata kwenye polipropilini sikushauri kumwaga, maana chini kuna gundi, pengine na uzi wa pamba au wa juti, ule wa magunia ya kahawa, na hivyo vyote huliwa.

Na hili lishike: usimwage jiki juu ya mkojo wa mtoto. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua. Kwa mkojo fyonza kwanza, suuza kwa maji, halafu maji yenye siki kidogo, suuza tena.

Kwa nini zulia langu huchafuka upesi zaidi tangu lifuliwe?

Sabuni imebaki ndani. Watu humwaga sabuni ya unga, wanasugua mpaka povu linafika vifundoni, wanasuuza mara moja, wanaona limependeza. Sabuni iliyokauka inanata, na kila vumbi linalopita linakaribishwa. Suuza mpaka maji yanayotoka hayana utelezi ukiyasugua kati ya vidole. Ikichukua madumu kumi, ni kumi.

Vumbi jekundu linaharibu zulia kweli, au ni rangi tu?

Linaharibu. Vumbi la murramu ni vipande vidogo vya mawe vyenye ncha. Yanashuka hadi kwenye shina la manyoya, na kila unapokanyaga yanasaga uzi kama msasa. Ndiyo maana zulia la zamani likishafuliwa bado linaonekana limefifia kwenye njia ya kupita: uchafu umetoka, kilichobaki ni mikwaruzo, na uzi uliokwaruzwa haurudishi mwanga. Poliesta na polipropilini huonyesha hivyo mapema kuliko nailoni.

Kila baada ya wiki mbili ligeuze kifudifudi juu ya sakafu ya saruji na ulipige mgongoni kwa fimbo pana. Liinue utazame sakafuni. Usimwage maji kabla ya hapo, utakuwa unatengeneza matope.

Tunapiga pasi chini, juu ya zulia. Kuna ubaya?

Upo, na una umbo la pasi. Lugha yetu inaita uzi na kipimo cha joto kwa neno moja, basi sikiliza hesabu: nyuzi za polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kidogo, nailoni ya kawaida kama 220, poliesta karibu 260. Pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba hufika karibu 200. Blanketi moja lililokunjwa mara mbili halitoshi ikiwa pasi imesimamishwa pale wewe ukaenda kufungua mlango. Nimeletewa mazulia manne yenye ile pembetatu ya kung'aa katikati. Sikuyatibu, nilishauri meza ya kahawa.

Kaa la jiko na mshumaa ulioanguka siku umeme umekatika ni vivyo hivyo. Tundu dogo likitokea, kata ncha iliyoungua kwa mkasi, na kama ni ndani zaidi, fundi wa viti anaweza kubandika kishungi kilichotolewa pembeni.

Zulia limeingiwa na maji ya mafuriko. Nilikaushe?

Wakazi wa Bwaise, mtaa wa hapa Kampala unaofurika, wanaliuliza hili kila msimu wa mvua. Uzi wa polipropilini hautakuwa na neno. Shida ni kwamba maji hayo yamepita mitaroni na vyooni, na yamekaa kwenye mgongo. Ukungu huanza ndani ya siku moja hadi mbili. Kama zulia ni jembamba na unaweza kulitoa siku hiyo hiyo, kulisuuza sana na kulining'iniza likakauka upesi, jaribu. Kama limelala na maji siku tatu, au ni lile lililogundishwa chumba kizima na sponji chini, ling'oe. Nimekataa kazi hizo na watu wamenikasirikia.

Mgongo wa zulia nao una umuhimu?

Mkubwa kuliko wanavyodhani. Mgongo wa juti ni imara na unapumua, lakini ukilowa sana hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi juu, na hushika ukungu. Kwa nyumba inayofua zulia mara kwa mara, chukua lenye mgongo wa polipropilini. Wenye gundi ya mpira ukianza kudondosha unga mweupe sakafuni, zulia limezeeka, hakuna kurudi.

Na kapeti la plastiki?

Hilo si la nyuzi. Ni plastiki ya PVC iliyochapwa picha ya vigae au mbao. Linapanguswa, halihitaji mimi.

Akriliki?

Imeumbwa kuiga sufu na inaiga vizuri, ina joto na uzuri. Ila hutoka vinundu pale panaposuguliwa, na haina subira na moto. Kwa ukumbini kwa wageni wa mara moja moja, sawa.

Basi nailoni inanunuliwa lini?

Ngazi, korido, ofisi, nyumba ya kulala wageni, chumba kizima kilichotandikwa ukuta hadi ukuta: mahali ambapo watu wanapita siku nzima na hakuna anayekula. Hapo bei yake inarudi.

Wewe mwenyewe nyumbani umetandika nini?

Polipropilini, manyoya mafupi, rangi nyekundu iliyokolea yenye maua, kwa kuwa vumbi letu ni jekundu na nikakata tamaa ya kushindana nalo. Lina mwaka wa saba. Mwanzoni kabisa nilihamisha sofa bila kuinua, nikaliburuta kuelekea dirishani. Msuguano peke yake ulitosha kuyeyusha ncha za nyuzi, ukaacha mistari miwili inayong'aa, sambamba, urefu wa mita moja na nusu. Nimejaribu brashi, mvuke, hata wembe. Jioni mwanga ukiingia pembeni inaonekana vizuri, na mgeni akiuliza nasema ni sehemu ya maua.